Mabara kweli yamehama? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwanza kabisa, wanasayansi wanadai nini hasa?

Wanasema hivi: zamani mabara yote yalikuwa yameshikana, bara moja kubwa linaloitwa Pangea, likaanza kupasuka kama miaka milioni 200 iliyopita. Nusu ya kusini ya hilo bara ndiyo Gondwana, na humo ndimo tulimokuwa sisi Afrika pamoja na Amerika ya Kusini, India, Madagascar, Australia na Antaktika. Vipande vikaachana polepole, bahari zikajaa katikati, na safari bado inaendelea hata sasa hivi unavyosoma. Kinachotembea si bara peke yake, ni bamba zima la mwamba, bara likiwa juu yake pamoja na sehemu ya sakafu ya bahari.

Si ni watu tu waliangalia ramani wakaona Afrika inaingiana na Brazil?

Hapo ndipo ilipoanzia, kweli, na ni ya zamani sana, mchora ramani Abraham Ortelius alishaandika wazo hilo mwaka 1596. Ila ramani peke yake si ushahidi, vitu viwili vinaweza kufanana kwa bahati tu. Halafu mstari wa pwani unadanganya maana bahari hupanda na kushuka, ukingo wenyewe wa bara uko chini ya maji. Mwaka 1965 Edward Bullard na wenzake wakatumia kompyuta kuunganisha mabara kwa kufuata kina cha kama mita 900 badala ya pwani, na vipande vikakaa vizuri kuliko hata vinavyokaa kwenye ramani ya ukutani. Kuna sehemu vinapandana, mojawapo ni delta ya mto Niger, na hiyo badala ya kuharibu hoja inaisaidia, kwa sababu ile delta ni udongo ulioletwa na mto baada ya mabara kuachana, kwa hiyo lazima izidi.

Nani alikuja na hii habari na mbona walimcheka?

Alfred Wegener, Mjerumani, mtaalamu wa hali ya hewa wala si wa miamba, na hilo lilimponza. Alitoa hotuba Frankfurt Januari 1912, kitabu kikatoka 1915. Alikusanya visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe), miamba, alama za barafu, kila kitu, lakini walipomuuliza nini kinasukuma bara zima hakuwa na jibu la maana, na pia alikadiria Greenland inahama mita nyingi kwa mwaka, namba ambayo haikuwa sahihi kabisa. Alifia huko huko Greenland Novemba 1930, ana miaka 50.

Waliomwelewa mapema wengi walikuwa watu waliofanya kazi huku kusini, na mimi naona si ajabu, ushahidi ulikuwa miguuni pao. Alexander du Toit wa Afrika Kusini alikwenda Amerika ya Kusini mwaka 1923 kulinganisha miamba, akakuta tabaka kwa tabaka ni zile zile alizoziacha nyumbani. Na Mwingereza Arthur Holmes, ambaye mwaka 1911 alikuwa Msumbiji akitafuta madini (akaugua malaria huko), ndiye baadaye aliyetoa wazo kwamba mwamba ulio chini ya mabara, ijapokuwa ni mgumu, unazunguka taratibu kwa sababu ya joto, na huo mzunguko unaweza kubeba mabara.

Visukuku vinathibitisha nini? Wanyama si wangeogelea tu?

Wengine wangeweza, ndiyo maana inabidi uchague mnyama vizuri. Mchukue Mesosaurus, mtambaazi mdogo wa majini, hata mita moja kwa kawaida hafiki, mabaki yake yako Brazil na majirani zake, halafu Namibia na Afrika Kusini, na hayapo kwingine duniani. Huyo avuke Atlantiki nzima halafu asionekane popote pengine? Lystrosaurus naye, mnyama mnene wa nchi kavu mwenye meno mawili kama pembe, yupo Afrika Kusini, yupo India, na mwaka 1969 mifupa yake ikapatikana Antaktika, ambako leo hata mbuzi hawezi kuishi. Na mmea wa Glossopteris umetapakaa Gondwana nzima, na mbegu zake zilikuwa kubwa mno kupeperushwa na upepo kuvuka bahari.

Waliopinga walikuwa wanajitetea kwa kusema kulikuwa na madaraja ya nchi kavu kati ya mabara, yakazama. Shida ni kwamba mwamba wa bara ni mwepesi kuliko wa sakafu ya bahari, hauzami tu hivi hivi, na walipokuja kupima chini ya bahari hayo madaraja hayakuwepo.

Sasa tahadhari moja, maana mtandaoni naona watu wanaikosea sana. Si kila kufanana kunatokana na Gondwana. Lemuri wa Madagascar ni ndugu wa komba wetu, lakini babu zao walifika kule kisiwa kikiwa kimeshajitenga muda mrefu, inaelekea walibebwa na magogo na miti iliyong'olewa na mafuriko. Mibuyu vilevile, ipo Afrika, Madagascar na Australia, na inaaminika mbegu zilivuka bahari. Ukitumia mibuyu kama ushahidi mtu anayejua atakushika hapo hapo.

Na yule mjusi wa Tendaguru anaingia wapi?

Yule dinosaria mkubwa aliyechimbwa Lindi na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, ambaye kila baada ya muda bungeni wanauliza atarudi lini kutoka Berlin. Ana kama miaka milioni 150, na ndugu yake wa karibu kabisa alipatikana Colorado, Marekani. Mwenzake wa pale pale Tendaguru, Kentrosaurus, ni wa ukoo mmoja na Stegosaurus wa Marekani. Hawa wa nchi kavu, wa tani nyingi, waliishi wakati mabara ndiyo kwanza yanaachana, kwa hiyo undugu wao hauna muujiza. Lakini kwangu kinachovutia zaidi ni kwamba tabaka zenye mifupa zimepishana na tabaka zenye viumbe wa baharini, maana yake bahari ilikuwa tayari imeshafika Lindi, na huko nyuma zaidi haikuwepo.

Nasikia Afrika iliwahi kufunikwa na barafu, hii nayo ni kweli?

Kweli, kama miaka milioni 300 iliyopita. Sehemu inaitwa Nooitgedacht, karibu na Kimberley, Afrika Kusini, kuna mwamba mweusi uliolainishwa kabisa na umechorwa mistari mirefu iliyonyooka, hiyo ni kazi ya barafu nene iliyoburuta mawe juu yake (juu ya mwamba huo huo baadaye Wasani wakachonga picha za wanyama). Alama za aina hiyo na za wakati huo ziko India, Australia na Brazil.

Sasa uangalie mistari inaelekea wapi. Kule Brazil inaonyesha barafu ilitoka upande wa kusini mashariki, yaani leo hii ungesema ilitokea baharini ikapanda nchi kavu, kitu ambacho barafu haifanyi. Namibia nako kuna mabonde yaliyochongwa na barafu yakielekea magharibi, kwenye Atlantiki. Ukirudisha Afrika na Amerika ya Kusini pamoja mambo yanakaa sawa, barafu ilitelemka kutoka upande wa Afrika ikaingia Brazil. Na huhitaji tena kuamini kwamba India iliganda ikiwa karibu na ikweta, ilikuwa kusini kule pamoja nasi.

Huku kwetu Afrika Mashariki kuna kitu naweza kuona kwa macho yangu?

Kipo, na wengi wetu tumeshapita juu yake kwenye basi tukiwa tumelala. Barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, ukishapita Voi, miamba imelala ikiinama kuelekea baharini kwa hiyo kadiri unavyokaribia pwani unapita kutoka ya zamani kwenda mipya, na wanajiolojia waliipa majina ya vituo vile vile: Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani, Mazeras. Yote hiyo ni mchanga na matope ya mito na maziwa ya nchi kavu, ndani ya mabonde yaliyokuwa yanatitia Gondwana ilipoanza kuvutwa. Maji ya Chumvi kuna visukuku vya samaki, Mazeras kuna magogo yaliyogeuka jiwe. Zile mazeras watu wanazopavia kompaundi Nairobi ni vipande vya hadithi hii hii.

Halafu ghafla, ukichepuka kuelekea Kambe, mawe yanabadilika yanakuwa chokaa ya bahari, ya kama miaka milioni 170, na ukiendelea kushuka Miritini na Changamwe unakuta matope yaliyoganda yenye amonaiti, wale jamaa wa ukoo wa ngisi waliokuwa na gamba la kujiviringa, wote walishatoweka duniani. Yaani ndani ya mwendo wa nusu saa tu umetoka bara, umeingia bahari mpya. Ile ndiyo Bahari ya Hindi ikizaliwa, Madagascar ikianza kubanduka kutoka pwani ya Kenya na Somalia na kuteleza kusini. Chini ya bahari, kwenye mlango wa Msumbiji, upo ukuta mrefu wa mwamba unaoitwa Davie Ridge na ndio njia iliyopitia. (Mawe ya matumbawe ya kisiwa cha Mombasa penyewe ni machanga sana, hayahusiki.)

Wa Tanzania nao wasijione wameachwa. Kule bonde la Ruhuhu, upande wa Songea na Ludewa, makaa ya mawe yanatokana na mimea ya wakati wa Glossopteris, sawa na makaa ya India na Afrika Kusini.

Na vito?

Swali zuri, wachimbaji wengi wanaujua ushahidi huu bila kuuita hivyo. Miaka ya 1990 watu walipovamia Tunduru kwa ajili ya safaya, na muda mfupi baadaye Ilakaka kule Madagascar, wanunuzi wengi walikuwa wametoka Sri Lanka na Thailand, na mawe ya Tunduru, ya Ilakaka na ya Sri Lanka yanafanana kiasi kwamba hata maabara hupata kazi kuyatofautisha. Tsavoraiti ile ya kijani ya Taita na Merelani ipo pia Madagascar. Sababu ni kwamba maeneo hayo yote yalikuwa sehemu ya mkanda mmoja wa milima, mabara yalipogongana miaka kama milioni 650 mpaka 550 iliyopita wakati wa kuunda Gondwana, miamba ikabanwa na kupikwa huko chini, na Gondwana ilipovunjika kila mmoja akaondoka na kipande chake.

Na Shelisheli je, Mahé si kisiwa tu katikati ya bahari? Visiwa vya katikati ya bahari kawaida ni volkano au matumbawe, lakini Mahé ni granaiti ya miaka kama milioni 750, mwamba wa bara kabisa. Ni kipande kilichosahaulika njiani India ilipokuwa inaondoka.

Ushahidi wa sumaku ndio upi? Nimeshindwa kuuelewa shuleni.

Wengi. Iko hivi. Lava ikipoa, chembe za chuma ndani yake zinajipanga kufuata sumaku ya dunia na zinabaki hivyo. Kwenye ikweta sumaku hiyo imelala, karibu na ncha za dunia, kaskazini au kusini kabisa, imesimama wima, katikati imeinama kiasi. Kwa hiyo ukipima mwinamo ndani ya jiwe unajua lilipoa umbali gani kutoka ikweta. Lava za Deccan kule India, za karibu na Mumbai, zina miaka kama milioni 66, na sumaku yake inasema zilipoa mbali kusini mwa ikweta. Leo Mumbai iko kaskazini. Sasa ama jiwe limehama ama sumaku ya dunia nzima ilivurugika kwa ajili ya India tu, na kila bara ukilipima linakupa njia yake tofauti ambayo ncha ya sumaku ingekuwa imepitia, njia ambazo zinalingana pale tu unapoyarudisha mabara pamoja.

Basi kipi kilimaliza ubishi?

Sakafu ya bahari. Hapa naomba nikae kidogo maana ndiyo sehemu ninayoipenda.

Mwaka 1952 Marie Tharp, New York, alikuwa anachora umbo la chini ya Atlantiki kwa kutumia vipimo vya kina vilivyoletwa na meli, meli ambazo yeye kama mwanamke hakuruhusiwa kupanda. Akaona kwamba juu ya ile safu ya milima ya katikati ya bahari kuna bonde refu, limepasuka katikati. Mwenzake Bruce Heezen akampuuza akasema hizo ni stori za wasichana. Lakini walipoweka ramani ya matetemeko ya bahari juu ya ramani yake, matetemeko yakafuata bonde lile lile. Na lilikuwa linafanana na kitu kinachojulikana nchi kavu: Bonde la Ufa letu.

Kisha sumaku. Dunia ina tabia ya kugeuza sumaku yake, kaskazini inakuwa kusini, mara ya mwisho ilikuwa kama miaka 780,000 iliyopita. Mwishoni mwa 1962 meli ya Waingereza, HMS Owen, ikapima sumaku juu ya mgongo wa Carlsberg, safu nyingine ya milima ya chini ya bahari, ambao uko hapa hapa kwenye Bahari ya Hindi, mashariki ya Somalia. Fred Vine na Drummond Matthews wakatumia vipimo hivyo mwaka 1963 kueleza ile mistari ya ajabu iliyokuwa inaonekana baharini, sumaku ya kawaida, iliyogeuka, ya kawaida, iliyogeuka: lava inatoka katikati, inapoa, inarekodi sumaku ya wakati huo, inasukumwa pande zote mbili, mpya inaingia. Mkanada Lawrence Morley alikuwa amefikia wazo hilo hilo ila majarida yakamkatalia. Mwaka 1966 vipimo vya meli Eltanin kutoka Pasifiki ya kusini vikaonekana, mistari ya kulia na ya kushoto inalingana kama umekunja karatasi katikati. Watu wengi waliokuwa wanabisha wakanyamaza hapo.

Bado mtu angesema ni hesabu za sumaku tu. Kwa hiyo mwishoni mwa 1968 meli ya kuchimba, Glomar Challenger, ikaondoka Dakar kwenda Rio de Janeiro ikitoboa sakafu njia nzima. Karibu na mgongo wa katikati, udongo uliokaa juu ya lava ni mchanga kwa umri na ni mwembamba, kadiri unavyoenda mbali umri unapanda kwa mpangilio, kama sentimita 2 kwa mwaka kila upande. Na mpaka leo sakafu ya bahari kuu za dunia haivuki sana miaka milioni 180, wakati mabara yana miamba ya miaka bilioni 4. Kama bahari zingekuwa pale pale tangu mwanzo, ya zamani imeenda wapi?

Leo tunaweza kupima moja kwa moja?

Ndiyo, kwa GPS, si hii ya kwenye simu bali vituo vilivyofungwa kwenye mwamba vinavyorekodi miaka na miaka. Kimojawapo kiko Malindi, kwenye kile kituo cha anga cha Waitaliano, kingine Mbarara Uganda. Afrika inaelekea kaskazini mashariki kama sentimita 2.5 kwa mwaka, na kati ya Malindi na Mbarara kuna tofauti ya milimita chache kwa sababu viko pande mbili za ufa. Australia ndiyo ina haraka, sentimita 7 hivi kwa mwaka, mpaka serikali yao ikabidi ibadilishe vipimo rasmi vya ramani: vya 1994 vilipobadilishwa kuwa vya 2020, kila kitu kilisogezwa mita 1.8. Nyumba, barabara, mipaka ya shamba.

Piga hesabu mwenyewe. Kutoka Brazil mpaka Afrika pale wanapokaribiana ni kama kilomita 2,900. Miamba inasema waliachana pale kama miaka milioni 100 iliyopita. Inatoka karibu sentimita 3 kwa mwaka, na GPS inasoma karibu hiyo hiyo. Njia hizi mbili hazitumii vifaa vinavyohusiana hata kidogo.

Ule ufa wa Mai Mahiu wa 2018 si ndio Afrika ilikuwa inapasuka?

Hapana, au tuseme si hivyo ilivyotangazwa. Machi 2018 mvua zilipiga sana, barabara ya kwenda Narok ikakatika, picha zikazunguka dunia nzima. Wanajiolojia wengi walieleza kwamba ni nyufa za zamani zilizojaa majivu ya volkano, majivu ni laini, maji yakayabeba. Ufa wa kweli unaoachana ukiutaka nenda Afar, Ethiopia, Septemba 2005, ardhi ilifunguka kwa urefu wa kilomita 60 na upana mpaka mita 8 ndani ya wiki chache, lava ikaingia chini. Au kwetu, Julai 2007, yale matetemeko ya Gelai karibu na ziwa Natron yaliyofika mpaka Nairobi watu wakakimbia maofisini, pale lava ilijipenyeza chini kwa chini na mwezi Septemba Oldoinyo Lengai ikalipuka.

Na kabla hujauliza, si kesho wala kesho kutwa. Kwa milimita chache kwa mwaka bahari kamili inahitaji mamilioni ya miaka, na inawezekana pia ufa ukaishia njiani, zipo nyufa nyingi duniani zilizoanza zikakwama.

Kama sakafu mpya inatengenezwa kila siku, basi dunia inavimba?

Walikuwepo waliosema hivyo. Lakini sakafu ya zamani inazama kwingine, pale bamba moja linapoingia chini ya lingine. Tarehe 26 Desemba 2004 pwani ya Sumatra bamba la upande wa India liliruka ghafla likiingia chini, na mawimbi yakaja kuua watu mpaka Somalia na Tanzania. Uzito wa bamba linalozama ndio pia unaovuta bamba lililobaki nyuma, na hilo ndilo jibu kubwa alilolikosa Wegener.

Biblia inasema siku za Pelegi nchi iligawanyika. Si inaweza kuwa hiyo?

Naulizwa sana, na wengi wanaosoma Mwanzo 10:25 wanaelewa ni watu na lugha waliogawanyika, hayo nawaachia wachungaji. Mimi naweza kuongelea kasi tu. Kilomita 2,900 ndani ya miaka 4,000 ni mita 2 kila siku, na joto la lava yote hiyo kupoa kwa muda mfupi namna hiyo lingechemsha bahari. Pia mistari ya sumaku ingekuwa na umri wa karne tu, na haina.

Pangea ndiyo ilikuwa ya kwanza?

Hapana, kulikuwa na nyingine kabla, Rodinia, kama miaka bilioni moja iliyopita, na huko nyuma kuna zinazodhaniwa pia. Ila hapo ushahidi unapungua nguvu, sakafu ya bahari ya wakati ule yote imeshazama kwa hiyo mistari hakuna, wanyama wenye mifupa hawakuwepo, imebaki sumaku ya miamba na mikanda ya milima iliyokwishachakaa. Ndiyo maana ramani za Gondwana zinafanana karibu kila mahali utakapoziona, na za Rodinia kila kundi la watafiti lina yake.